Tindikali iliyomo ndani ya chupa ya maji: Nani atalipa gharama ya kuirudisha?

MWAKA 2025 ulileta habari mbili kubwa ambazo wasomaji wengi hawakuziona kuwa na uhusiano wowote.

Mwezi Agosti, wajumbe wa mataifa zaidi ya 180 waliokutana Geneva, Uswisi, walitawanyika bila kuafikiana juu ya mkataba wa kimataifa wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Oktoba 8, jijini Stockholm, ikatangazwa kuwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo imekwenda kwa wanasayansi watatu, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, wanaofanya kazi Japani, Australia na Marekani.

Habari hizo mbili zinakutana katika unga mmoja mweupe usio na harufu, ambao wakemia huuita tindikali ya tereftaliki. Unga huo ndio malighafi kuu ya chupa za plastiki za maji na soda. Unga huo huo ndio ambao Yaghi na wenzake waliutumia mwaka 1999, pamoja na madini ya zinki, kuunda fuwele mashuhuri iliyopewa jina la MOF-5, mojawapo ya kazi zilizompatia tuzo hiyo.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu moja kwa moja wakazi wa miji ya Afrika Mashariki. Ikiwa maabara zimekwisha kuonyesha kwamba tindikali hiyo inaweza kutolewa katika chupa kuukuu ikiwa safi kama mpya, kwa nini chupa zinaendelea kuziba mitaro ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala?

Jibu ni kwamba tatizo lililobaki si la kemia tu. Ni la bei, na la nani anapaswa kuilipa.

Si tindikali ya kuogopwa

Neno tindikali huwatisha watu, na si bila sababu. Magazeti ya ukanda huu yamewahi kuandika mara nyingi juu ya watu waliomwagiwa tindikali na kuachiwa makovu ya maisha. Hiyo kwa kawaida ni tindikali kali ya majimaji, kama ile ya betri za magari.

Tereftaliki ni ya jamii nyingine. Kiini chake ni pete ya atomi sita za kaboni, na pande mbili za pete hiyo zinazotazamana kuna vikundi viwili vyenye tabia ya utindikali. Ni kana kwamba molekuli hiyo ina mikono miwili iliyonyooshwa, mmoja kulia na mwingine kushoto.

Mikono hiyo miwili ndiyo siri ya thamani yake. Mkono mmoja ukishikana na molekuli ya ethilini glaikoli, kimiminika kinachotumika pia katika maji ya rejeta za magari, na mkono wa pili ukishikana na nyingine, mnyororo mrefu huanza kujengeka. Mnyororo huo ndio plastiki iitwayo PET, ambayo ikivutwa kuwa nyuzi huitwa polista.

Tindikali yenyewe ni mvivu. Lita moja ya maji ya joto la kawaida huyeyusha chini ya miligramu 20 tu za unga huo. Ukipashwa moto hadi nyuzijoto zipatazo 400 hauyeyuki, bali hugeuka mvuke moja kwa moja. Hauunguzi ngozi kama tindikali ya betri. Unachoweza kufanya ni kuwasha macho na njia ya hewa vumbi lake linapovutwa.

Ipo pia hofu nyingine ambayo inafaa kuwekwa sawa. Jina la tereftaliki linafanana na la fthaleti, kemikali za kulainishia plastiki ambazo zimekuwa zikihusishwa na kuvuruga homoni za mwili. Fthaleti hizo hutokana na ndugu yake, tindikali ya fthaliki, ambayo mikono yake miwili imekaa ubavu kwa ubavu. PET haihitaji vilainishi hivyo ili iwe chupa.

Hilo halina maana kwamba chupa haina la kuulizwa. Viwanda vingi hutumia kichocheo chenye madini ya antimoni wakati wa kutengeneza PET, na kiasi kidogo sana cha madini hayo kinaweza kuingia katika maji. Kiasi hicho huongezeka joto linapopanda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 za antimoni kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kwa kawaida maji ya chupa huwa chini sana ya hapo. Hata hivyo, kuacha katoni za maji zikichomwa na jua siku nzima nje ya duka ni desturi isiyofaa.

Kutoka kisima cha mafuta hadi kiwandani

Tindikali hii ilipatikana kwanza katika karne ya 19 na mkemia Mfaransa, Amédée Cailliot, kutoka katika mafuta ya tapentaini yatokanayo na utomvu wa misonobari. Jina lake limetokana na mafuta hayo. Kwa takriban miaka 100 haikuwa na kazi kubwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1941, pale wakemia wawili wa Kiingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya nguo mjini Manchester, walipogundua kwamba inaweza kutoa nyuzi imara. Nguo za polista zilizoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili zilianzia hapo. Chupa ilikuja baadaye: Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1973.

Leo hii tindikali hiyo huzalishwa kwa makumi ya mamilioni ya tani kila mwaka, na zaidi ya nusu hutoka China. Huanza na paraksilini, kimiminika kinachopatikana katika usafishaji wa mafuta ghafi. Kimiminika hicho huchanganywa na tindikali ya siki, huwekewa vichocheo vya kobalti, manganizi na bromini, kisha hupulizwa hewa kwa shinikizo katika joto linalokaribia nyuzi 200.

Mchanganyiko huo hula vyuma, kiasi kwamba matangi yake hulazimika kuwekewa titani, madini ghali yasiyoshika kutu kwa urahisi. Unga unaotoka hapo bado una uchafu unaoweza kuipa plastiki rangi ya manjano na kukatiza mnyororo wake, hivyo husafishwa tena kwa maji ya moto, hidrojeni na kichocheo cha paladi, hadi uchafu huo ubaki sehemu chache tu kwa kila sehemu milioni moja.

Maelezo hayo yana maana kwa uchumi. Kiwanda cha aina hiyo hakianzishwi kwa mtaji mdogo, wala hakiwezi kuendeshwa kwa faida kikiwa kidogo. Viwanda vya Afrika Mashariki havitengenezi tindikali hii. Huagiza plastiki ikiwa tayari ni chembe, au ikiwa imefinyangwa kuwa mirija mifupi yenye mdomo wa kizibo, ambayo hupashwa moto na kupulizwa hewa hadi iwe chupa.

Kwa maneno mengine, kila chupa inayotupwa mtaroni ni malighafi iliyonunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Hesabu yake si ngumu. Katika kila kilo moja ya PET kuna takriban gramu 860 zinazoweza kurudishwa kuwa tindikali. Chupa 50 zenye uzito wa gramu 20 kila moja zinatimiza kilo hiyo.

Unga usiochezewa

Pamoja na upole wake, tindikali hii ina masharti. La kwanza ni vumbi. Unga laini wa kitu kinachoweza kuungua, ukisambaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kulipuka kwa cheche moja tu, kama unavyoweza kulipuka unga wa ngano kinuni. Kwa sababu hiyo viwanda hufunga mitambo ya kufyonza vumbi, huunganisha mabomba na ardhi ili kuondoa umeme tuli, na hupiga marufuku moto wa wazi.

La pili ni kinga ya mfanyakazi: miwani, glavu na barakoa. Panya waliolishwa kiasi kikubwa cha tindikali hiyo katika majaribio walipata mawe kwenye kibofu cha mkojo, na baadhi yao uvimbe. Viwango hivyo viko mbali na vile ambavyo mnywaji wa maji ya chupa anaweza kukutana navyo, lakini ni sababu ya kutosha ya kutomwacha kibarua afagie unga huo bila kinga.

La tatu linahusu maabara, zikiwamo za vyuo vikuu. Kwa kuwa tindikali hii haikubali maji, watafiti huiyeyusha ama katika magadi makali ama katika vimiminika maalumu. Kimojawapo kinachotumika sana, dimethilifomamaidi, hudhuru ini na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, tena hupenya kwenye ngozi. Mara nyingi hatari iliyopo mezani ni ya kimiminika hicho, si ya unga. Mwanafunzi anayesoma lebo ya unga peke yake huwa amesoma nusu ya onyo.

Habari njema ni kwamba tindikali hii huliwa na bakteria. Majitaka ya viwandani yenye tindikali hii husafishwa kwa mabwawa na matangi ya bakteria kabla ya kuachwa yaende mtoni. Ikiwa mnyororo wa plastiki, bakteria wengi huishindwa; ikiwa molekuli mojamoja, huila.

Maabara zimefika wapi

Utafiti wa miaka ya karibuni umejengwa juu ya tofauti hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza kuwa wamempata bakteria katika mji wa Sakai, kwenye eneo la kurejelezea chupa, ambaye hula PET. Walimwita Ideonella sakaiensis. Hutumia vimeng'enya viwili kukata mnyororo na kuurudisha kuwa tindikali na glaikoli, ingawa kazi hiyo humchukua wiki kadhaa hata kwa utando mwembamba.

Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, wakishirikiana na kampuni ya Carbios, walichapisha matokeo ya kimeng'enya kilichoboreshwa ambacho kilivunja asilimia 90 ya PET iliyosagwa kwa muda wa saa 10, katika joto la nyuzi 72. Tindikali iliyopatikana ilisafishwa na kutengenezewa chupa mpya.

Wengine wameichukua tindikali hiyo na kuigeuza kitu kingine kabisa. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, kilionyesha mwaka 2021 kwamba bakteria waliobadilishwa vinasaba wanaweza kuigeuza kuwa vanilini, ile inayotoa ladha ya vanila. Mwaka 2025 chuo hicho kilieleza namna bakteria wanavyoweza kusaidia kuigeuza kuwa paracetamol, dawa ya maumivu inayojulikana na kila kaya, kwa chini ya saa 24. Kazi hiyo ingali ya maabara.

Kwa upande wa tuzo ya Nobel, mikono miwili ya tindikali imekuwa kama boriti zinazounganisha nguzo za madini. Matokeo yake ni fuwele yenye vyumba vitupu vingi kiasi kwamba gramu chache za MOF-5 zina nyuso za ndani zinazolingana na uwanja wa mpira wa miguu. Vyumba hivyo vinaweza kuhifadhi gesi. Fuwele za jamii hiyo, ingawa baadhi hutumia boriti za aina nyingine, zimejaribiwa kunasa hewa ya ukaa na kuvuna maji kutoka katika hewa ya jangwani.

Kuna pia matumizi yasiyotangazwa sana. Wanaochunguza njia za kusafisha maji kwa mwanga hutumia tindikali hii kama shahidi. Mwanga unapozalisha chembechembe kali zinazoua vijidudu, chembechembe hizo huishambulia tindikali na kuifanya ing'ae rangi ya samawati chini ya mionzi maalumu. Kadiri inavyong'aa, ndivyo mtafiti anavyojua mtambo wake unavyofanya kazi. Hilo linaweza kufanywa na maabara yenye vifaa vya wastani.

Ukuta wa bei

Mafanikio yote hayo yanagonga ukuta mmoja. Tindikali mpya ni rahisi. Bei yake hufuata bei ya mafuta ghafi, na viwanda vikubwa vilivyojengwa Asia katika miaka ya karibuni vimeongeza uzalishaji kuliko mahitaji. Anayetaka kuuza tindikali iliyotoka kwenye chupa kuukuu analazimika kulipia ukusanyaji, usafirishaji, uoshaji, usagaji, magadi ya kuvunjia na kemikali za kusafishia, kisha asimame sokoni na yule anayeanzia kwenye bomba la mafuta.

Carbios yenyewe ni mfano. Ilizindua ujenzi wa kiwanda chake cha kwanza kikubwa huko Longlaville, Ufaransa, mwaka 2024, lakini kabla mwaka huo haujakwisha ikatangaza kuahirisha kazi ili kutafuta fedha zaidi.

Mtikisiko wa aina hiyo hufika hadi Pugu Kinyamwezi na Dandora. Muokota makopo wa Dar es Salaam hajui paraksilini, lakini bei anayopewa kwa kilo inategemea thamani ambayo soko la dunia limeipa PET siku hiyo. China ilipofunga mlango wa kuingiza taka za plastiki kuanzia Januari 2018, nchi nyingi zilizokuwa zikisafirisha chupa zilizosagwa zilijikuta bila mnunuzi wao mkubwa. Yule aliyeinama kuokota ndiye anayebeba hasara ya kwanza, na ndiye asiyealikwa kwenye mikutano ya Geneva.

Wala si kila chupa ni sawa. Chupa angavu hupata bei nzuri. Ya kijani au kahawia hupunguziwa, kwa kuwa rangi haiondoki kwa kuoshwa. Tena plastiki inayoyeyushwa na kufinyangwa upya hupoteza nguvu kila mara, maana joto na unyevu hukata minyororo yake. Mwisho wake huwa nyuzi za mazulia au kamba. Njia ya kurudi hadi kwenye tindikali ndiyo inayoondoa udhaifu huo, lakini ndiyo ghali zaidi.

Marufuku peke yake haitoshi

Afrika Mashariki imejijengea sifa ya kuthubutu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Rwanda, kwa kushirikiana na Norway, imeongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba mkali, na azimio lililoanzisha mazungumzo hayo lilipitishwa Nairobi Machi 2022.

Lakini chupa si mfuko. Mfuko mwembamba hauna thamani ya kuokotwa, na kikapu au mfuko mbadala unaweza kuchukua nafasi yake. Chupa ina thamani, na katika miji ambayo maji ya bomba hayaaminiki kwa kunywa, kuiondoa ghafla kunaweza kumuumiza mwenye kipato kidogo kuliko mwenye kiwanda.

Kinachohitajika ni kanuni inayoifanya chupa tupu iwe na bei isiyoyumbishwa na soko la Asia. Ulaya imechukua hatua mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inataka chupa za vinywaji za PET ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa kuanzia mwaka 2025, na chupa za plastiki kwa ujumla asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Ujerumani nayo humtoza mnunuzi senti 25 za euro kwa chupa nyingi za kutupwa, na humrudishia anapoileta tupu.

Utaratibu huo wa pili si mgeni kwa wakazi wa ukanda huu. Kwa miaka mingi mwenye duka amemzuia mteja kuondoka na soda ya chupa ya kioo mpaka aache chupa tupu au fedha ya dhamana, na makreti yamekuwa yakirudi kiwandani bila kampeni wala semina. Chupa ya plastiki ilipoingia sokoni ndipo dhamana ilipoachwa, na gharama ikahamishwa kutoka kwa mzalishaji kwenda kwa mtaro wa manispaa.

Kenya imeanza kuirudisha gharama hiyo ilikotoka. Sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 imeweka msingi wa mzalishaji kuwajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika, na kanuni za utekelezaji zikatolewa mwaka 2024. Mtihani wake utakuwa mdogo lakini wa wazi: je, fedha hizo zitamfikia anayeokota, au zitaishia ofisini?

Zipo pia hatua zisizohitaji mabilioni. Serikali zinaweza kuagiza chupa zote za vinywaji ziwe angavu. Mashirika ya viwango yanaweza kuweka vipimo vya plastiki iliyorejelezwa inayogusa chakula, na vyuo vikuu vikapewa kazi ya kuipima. Nchi zinazoshiriki soko moja zinaweza kukubaliana kiwango kimoja cha dhamana, ili chupa isivushwe mpaka kufuata bei nzuri.

Mkataba wa dunia unaweza kuchelewa, kwa kuwa nchi zenye mafuta hazioni haraka ya kupunguza uzalishaji. Kurudisha dhamana kwenye chupa hakuhitaji ruhusa ya nchi hizo. Kemia imekwisha kuonyesha kwamba unga ulioingia kwenye chupa unaweza kutoka ukiwa mzima. Kilichobaki ni kwa mabunge ya Dodoma, Nairobi na Kampala kuamua ni nani atakayelipa ili utoke, kabla mvua nyingine za masika hazijazisomba chupa hizo hadi baharini.